Safu Isiyofungwa Mgongoni

Kitu cha kwanza ambacho mtu huona kwa Agnes Keji ni sweta lake. Ni sweta zito la sufu, la kijani kilichokolea, lenye vifungo hadi shingoni. Hulivaa hata mwezi wa tatu, kabla mvua hazijaanza, wakati mabati ya soko la Arua yanalia kwa joto na mbwa wanalala ndani ya mitaro. Wanawake wanaouza samaki wakavu, ambao humwita kwa jina la mwanawe, wamemtania kwa miaka mingi.

"Mama Yangi, hiyo malaria yako haina mwisho?"

"Siyo malaria," huwajibu huku akigeuza samaki kutazama matumbo yao. "Mimi nafanya kazi Ulaya. Jioni narudi kwa ndege."

"Ulaya gani hiyo haikupi hata baiskeli?"

Ulaya anayoisema ni chumba kimoja chenye baridi katika nyumba ya kikoloni juu ya Arua Hill. Nyumba ina kuta nene na baraza refu, na nyuma yake kuna ghala la ushirika wa wakulima wa nafaka. Chumbani humo, chini ya kiyoyozi kisichozimwa mchana wala usiku, inakaa mashine nyeusi yenye kimo cha kabati la vyombo. Iliachwa na kampuni ya tumbaku ilipofunga shughuli zake na kuondoka mkoani. Ushirika uliichukua pamoja na meza, feni mbovu na Agnes mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuzungumza nayo.

Mashine ile huzungumzishwa kwa lugha ya programu iitwayo RPG. Ni lugha ya kazi: haichori picha wala haipigi muziki, lakini ukiipa magunia elfu kumi itakuambia kila gunia limelala wapi na litaamkia wapi. Vijana wanaotoka vyuoni huiona lugha ya wazee. Agnes hubishana nao kwa upole. Huwaambia kwamba nayo huongezwa maneno mapya kila baada ya miaka michache, kisha huwapa chai.

Alizaliwa Ludara, wilaya ya Koboko, binti wa Sajini Jale. Vita vilipofika West Nile, mama yake alivuka naye mpaka kwenda Congo akiwa bado mchanga, amefungwa mgongoni kwa kitenge. Waliporudi, alikuwa msichana wa kwenda shule, na baba yake alikuwa mwanajeshi asiye na jeshi. Sajini hakuwa na kikosi tena, basi aliwapanga watoto wake. Kila jioni walisimama mstari mbele ya chungu, mfupi mbele, mrefu nyuma, na kila mmoja alitaja kazi aliyoifanya kabla ya kupewa chakula. Kwa Kiswahili chake cha kambini alisema, "Kila mutu na mahali yake." Mdogo wa wote, Night Poni, aliyezaliwa usiku na akabaki na jina hilo, alikuwa akicheka kwenye mstari na kupelekwa mwisho. Agnes alikuwa akimwekea kipande cha nyama chini ya kijiko.

Kazi ya kompyuta aliipata kwa mlango wa nyuma. Aliajiriwa na ile kampuni ya tumbaku kuingiza namba za wakulima, na aliyemfundisha zaidi ya hapo ni mzee Obitre, mtunzi wa programu, ambaye sasa amelala kaburini kwao Vurra. Obitre hakuwa na subira na vitabu. Alipotaka kumweleza jambo gumu, alimtoa nje barazani.

Siku aliyomweleza habari ya safu zilizolazwa juu ya nyingine, alimwonyesha akina mama waliokuwa wakisubiri chanjo chini ya kilima.

"Waone wale," alisema. "Huo mstari wote ni safu moja kubwa. Kila mama ni kisanduku. Sasa mimi naweza kusoma vitambaa vya kichwa tu, kimoja kimoja, nikaviita safu ya vitambaa. Naweza kusoma watoto walio mgongoni tu, nikawaita safu ya watoto. Majina ni matatu, lakini watu ni walewale. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mzee."

"Nikisema, pangeni vitambaa kuanzia cheupe hadi cheusi, watoto watakwenda wapi?"

"Na mama zao."

"Kwa nini?"

"Wamefungwa mgongoni."

"Haya. Sasa wawekee watoto mkeka. Wapange pembeni, kila mmoja mkabala na mama yake. Kwa macho ni sawa tu. Kisha uwaambie akina mama wajipange upya kwa rangi ya vitambaa." Akawanyooshea kidole. "Kila mmoja atainama kuchukua mtoto aliye mbele yake. Na mashine haina macho ya kumwambia huyu siyo wako."

Ndivyo ilivyo hasa. Mtunzi wa programu hutenga kwanza eneo moja la kumbukumbu na kulipa jina. Huo ndio muundo wa data. Ndani yake huweka safu ya visanduku vyenye ukubwa mmoja. Kisha, akipenda, hulaza juu ya safu hiyo safu nyingine nyembamba, moja ikisoma herufi za mwanzo za kila kisanduku, nyingine za mwisho. Akiipanga mojawapo, visanduku vizima husogea. Lakini akiipa safu mpya mahali pake pa pekee mwishoni mwa muundo, badala ya kuilaza juu ya safu kubwa, basi ameiweka mkekani. Katika mistari ya programu, tofauti ni jina moja tu ndani ya mabano.

Agnes alilijua hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliwafundisha wengine kwa kutumia akina mama walewale.

Mwaka jana kulitokea jambo ambalo ushirika haukupenda kulizungumzia. Mbegu za mtama zilizotiwa dawa ya kuua wadudu zilikuwa zikipakwa rangi nyekundu ili mtu asizile. Lakini ulipofika mwezi wa njaa, familia kadhaa za vijijini ziliosha mbegu zao mtoni hadi rangi ikatoka, zikaamini kwamba sumu nayo imekwenda na maji, zikasaga. Watu waliugua, na mzee mmoja hakupona. Kwenye mkutano uliofuata, mwenyekiti wa ushirika, Bwana Draku, alisimama akasema kwamba rangi ndiyo inayowadanganya watu.

"Wakiona nyekundu wanajua sumu," alisema. "Wakiona nyeupe wanajua uzima. Basi tuiondoe hiyo nyekundu. Mbegu itoke hapa siku ya kupanda, iingie ardhini siku hiyohiyo, na kila gunia liwe na namba. Mashine ijue namba ipi ni mbegu, ipi ni chakula. Mashine haioshwi mtoni."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Agnes alikuwa amekaa nyuma, na hakupiga makofi, ingawa hakusema neno pia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, aliona kwamba kati ya sumu na mdomo wa mtu hapakuwa na rangi, wala harufu kali, wala mlinzi mwingine. Palikuwa na programu yake.

Msimu huu, kabla tu ya mvua, Draku aliingia chumba cha baridi akijikunyata na kufuta miwani yenye vumbi.

"Mama Yangi, lori la Koboko linatutesa," alisema. "Orodha inatoka kwa namba za magunia. Wapakiaji wanapakia ovyo, wakifika huko wanashusha mzigo wote kutafuta gunia la kijiji cha kwanza. Nataka orodha ifuate safari. Kijiji cha mbali kiwe juu, kipakiwe kwanza, kikae ndani kabisa."

"Hiyo ni kazi ya wiki moja, Mwenyekiti. Kisanduku kimejaa, sina mahali pa kuweka kijiji. Nikikipanua, programu zote zinazokisoma lazima ziguswe."

"Usikipanue. Kiweke kijiji pembeni. Orodha naihitaji kesho asubuhi. Keshokutwa shule ya Ludara wanafungua jiko jipya, na mimi ndiye mgeni."

Agnes alilijua jiko hilo vizuri kuliko yeye. Mpishi wake alikuwa Night Poni. Kwa miezi mingi Night hakuwa na habari nyingine: matofali yamefika, bomba la moshi limefika, sufuria kubwa kuliko beseni la kuogea imefika. Watoto wa shule ile, ambao walikuwa wakishinda na njaa hadi jioni, wangeanza kupata uji kila siku, na ushirika ndio ungetoa mtama.

Mchana ule, Agnes alipokuwa akiandika, simu ililia, naye akaiweka begani na kuendelea kuandika.

"Dada, wewe utakuja?" Night aliuliza. "Mimi nimeshona gomesi. Ya maua. Nitaonekana kama mke ya waziri."

"Mke wa waziri hapiki uji."

"Huyu atapika. Sikiliza, watoto iko wanafanya mazoezi ya wimbo. Umesikia? Huyo anayepotea sauti ni mjukuu ya Alionzi, nimemwambia afungue mdomo tu asitoe kitu."

Agnes alicheka hadi machozi yakamtoka. Mkono wake, ambao kwa miaka mingi uliweza kuandika peke yake, uliitengeneza safu mpya, safu ya safari, ukaiweka mwishoni mwa muundo mahali palipokuwa wazi, jinsi mwenyekiti alivyoomba. Kisha ukaiendea amri ya kupanga iliyokuwapo tangu zamani, ukafuta jina la safu ya namba na kuandika jina la safu ya safari. Alikuwa bado anacheka.

Hakuwa mzembe. Aliijaribu programu kabla ya kuondoka, kwa orodha ya msimu uliopita. Ilitoka sawasawa, kila kijiji na magunia yake. Asichokifikiria ni kwamba orodha ile iliingizwa na Faridah, karani wa ghala, na Faridah ana tabia yake: huingiza magunia kama anavyoliona lori likienda barabarani, kijiji cha mbali kwanza. Orodha ilikuwa imeshajipanga kabla ya kupangwa. Hakuna kilichosogea, kwa hiyo hakuna kilichoachana na mwenzake.

Safari hii Faridah alikuwa kitandani kwa malaria, ya kweli. Aliyeingiza magunia alikuwa karani mwingine, na yeye aliyafuata kwa namba.

Asubuhi ya kufunguliwa kwa jiko, Agnes alifika kazini mapema. Lori lilikuwa limeondoka jana yake asubuhi. Mwenyekiti alikuwa njiani na dereva wake, Hakim. Kilima kilikuwa kimya, na hewa ilikuwa nzito kama kawaida ya siku zinazosubiri mvua. Hakuwa amemaliza kufunga vifungo vya sweta pale Faridah alipogonga dirisha. Alikuwa amekonda, na leso ilikuwa imefunga kichwa chake kwa nguvu.

"Madam, kuja uone kitu."

"Umepona? Rudi ukalale."

"Kuja kwanza."

Nyuma ya nyumba, ghala lina milango miwili. Kwa mlango wa kulia hutoka mbegu za wakulima, na kwa mlango wa kushoto hutoka chakula cha shule na cha hospitali. Ilikuwa desturi ya Faridah tangu zamani, ili vumbi la dawa lisigusane na chakula, na wapakiaji waliifuata hata alipokuwa hayupo: kwenye orodha wakisoma shule, walikwenda kushoto, wakisoma kijiji, walikwenda kulia.

Mbele ya mlango wa kushoto, palipokuwa pamemwagika mtama kidogo wakati wa kupakia, walilala hua waliokufa. Wengine walikuwa wamekunja vidole, mabawa yamefunguka upande mmoja. Mmoja alikuwa bado hai, akizungukazunguka mahali pamoja kana kwamba amefungwa kamba.

"Labda ni vumbi la mbegu limepeperushwa," Agnes alisema.

"Kule kulia nimeenda kuangalia," Faridah alijibu. "Kule pia mtama ilimwagika. Ndege iko inakula, inaruka, haina neno. Huku ndiyo iko inakufa. Madam, huku ni mlango ya watoto."

Agnes aligeuka. Alirudi ndani kwa hatua za haraka, akafungua programu, na hakuhitaji kutafuta. Aliona jina moja ndani ya mabano. Lilikuwa jina la muundo, ambapo lilipaswa kuwa la safu kubwa. Chini yake ilikuwapo amri ya kupanga, fupi na safi, ikipanga vijiji peke yao. Magunia yalikuwa yamebaki palepale yalipokuwa.

Hata hivyo, aliiomba mashine impe orodha mbili bega kwa bega, ile iliyopelekwa kwa lori na ile aliyoiingiza karani kabla ya kupangwa. Faridah alisimama nyuma yake akitetemeka, kwa baridi au kwa homa.

Orodha ya lori ilikuwa nzuri kuitazama. Vijiji vyote vilikuwapo, magunia yote yalikuwapo, hakuna kilichozidi wala kupungua. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kila mama alikuwa na mtoto mgongoni. Wakulima wa kijiji cha Abuku walikuwa wamepelekewa mtama wa chakula waupande. Na magunia ya mbegu yaliyopaswa kwenda Abuku, meupe kama mtama mwingine wowote, yalikuwa yameandikwa: Ludara, shule.

"Nani anapokea simu Ludara?" Faridah aliuliza.

"Dada yangu."

Simu ya Night haikupatikana. Ludara iko karibu na mpaka, na simu za huko, upepo ukibadilika tu, hurukia mtandao wa nchi jirani na kupotea huko kwa saa nzima. Aliipiga simu ya mwenyekiti, haikupatikana. Ya Hakim ililia hadi ikakatika, mara mbili, na mara ya tatu nayo haikupatikana. Alimpa Faridah kazi ya kuwatafuta watu wa afya wa wilaya, polisi, yeyote mwenye gari upande ule. Yeye akampigia Shafiki, msimamizi wa tawi la ushirika mjini Koboko.

"Afande," Shafiki aliitikia. Humwita Agnes hivyo kwa sababu ya baba yake, Sajini. "Leo umekumbuka sisi watu ya porini?"

"Shafiki, lori lilishusha Ludara?"

"Jana. Jioni walikuwa wanasaga tayari. Kinu ililia mpaka magharibi, watoto wakaenda kulala hapo nje wakinusa unga."

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Amepita. Amekunywa chai hapa kwangu, amekula chapati yangu yote, sasa hivi tu ameondoka. Kwani nini?"

Agnes alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache, bila kutaja safu wala muundo: magunia ya shule ni mbegu, yametiwa dawa, uji usinywewe. Upande wa pili alisikia kiti kikisukumwa.

"Mimi mwenyewe nimepokea hayo magunia," Shafiki alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Mimi mwenyewe nimeangalia orodha. Ilikuwa sawa."

"Ilionekana sawa. Pikipiki ipo?"

"Iko. Petroli ndiyo ya kubahatisha."

"Nenda. Ukimpata mwenyekiti barabarani, msimamishe. Usipompata, usisimame kwa mtu yeyote mpaka jikoni. Umwage sufuria."

"Nitaimwaga."

"Shafiki."

"Niko."

"Watakukatalia. Watasema umechanganyikiwa. Wamengoja siku hii mwaka mzima. Umwage tu."

Baada ya hapo alibaki na kazi ya kupiga namba moja. Alipiga, akakata, akapiga tena. Faridah, akiwa barazani, alikuwa akimweleza mtu kwa simu kwa sauti ya juu, akirudia neno Ludara, kisha akirudia jina la shule, kisha akianza upya kwa mtu mwingine aliyepewa simu. Kiyoyozi kilinguruma. Agnes alijikuta akiutazama mstari ule wa programu, na akaurekebisha, kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu. Alikipanua kisanduku bila kujali programu nyingine, kisha akabadilisha jina moja tu. Aliifunga safu mgongoni kwa mama yake, akaiambia mashine ipange upya, na orodha ya kweli ikatokea mara moja, bila kelele, ikiwa imechelewa siku nzima.

Akapiga tena. Safari hii simu ililia.

"Halo?"

"Night! Usiwape uji. Usimpe mtu yeyote. Mtama ni wa sumu."

"Halo? Dada, ni wewe? Sikusikii."

"Uji una sumu. Night, mwaga uji."

"Halo? Hii mtandao ya huku nayo." Sauti yake ilikuja wazi kabisa, kana kwamba amesimama mlangoni. Nyuma yake watoto walikuwa wakigonga vikombe vya plastiki, mamia ya vikombe, bila mpangilio. "Dada, kama wewe unanisikia, mimi sikusikii. Ngoja usikate, sikiliza. Sikiliza watoto ya Ludara."

Alikuwa ameinua simu juu. Agnes aliita jina lake, akaliita tena, kwa sauti iliyomfanya Faridah akimbilie ndani. Kelele za vikombe zilijaza chumba. Kisha Night akairudisha simu sikioni.

"Umesikia? Hawakula kitu tangu jana, wanasema wanaacha nafasi. Uji imeiva zamani. Unga iko na harufu kidogo ya ghala, nimekamulia ndimu, sasa iko tamu. Nimeonja vijiko viwili, sukari imekubali. Kichwa tu inanigonga, na mate yananijaa mdomoni, ni moshi ya hili jiko mpya, sijalizoea." Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Nimekaa chini kidogo. Gomesi yangu itapata vumbi."

Faridah alifunika mdomo kwa kiganja.

"Tunangoja mwenyekiti tu," Night aliendelea, kwa sauti ya chini kidogo. "Amesema hakuna mtoto anagusa kikombe kabla yeye hajafika. Kikombe ya kwanza ni yake. Basi sisi tunangoja. Dada, uko hapo?"

"Niko hapa," Agnes alisema. "Niko hapa, Night. Mpe mtu mwingine simu. Toka kwenye kivuli uende juu ya kilima. Kata simu nikupigie." Alijua kwamba hakuna neno linalofika, na hakuacha kusema. Wala hakuthubutu kukata, kwa sababu simu hii ilikuwa ndiyo pekee iliyokubali, na ikikatika huenda isikubali tena.

Alimshika Faridah mkono, akamwonyesha kwa ishara apige kwa simu yake namba ileile, apige ya Shafiki, apige ya Hakim. Faridah alipiga. Alitikisa kichwa. Alipiga tena.

Huko Ludara mwalimu mmoja aliwaamuru watoto wanyamaze, na vikombe vikanyamaza karibu vyote. Wakaanza wimbo wao wa kumpokea mgeni. Ulikuwa wimbo uleule uliomchekesha wakati akiandika. Waliimba ubeti mmoja, kisha sauti za mbele zikaacha kuimba, na za nyuma zikafuata. Palikuwa na ngurumo ya injini, mbali, ikipanda na kushuka na mabonde ya barabara.

"Wamekuja," Night alisema, na Agnes alisikia jinsi alivyojikokota kusimama. "Kuna kitu inakuja. Naona vumbi."

Watoto walishangilia kwa pamoja. Ngurumo iliongezeka. Agnes aliibana simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kiganja, akijaribu kutenganisha sauti na sauti. Gari huvuta pumzi ndefu, pikipiki hulia kwa ukali, na kwa siku nyingine yoyote angeweza kuzitofautisha. Lakini vikombe vilikuwa vimeanza tena.

"Night," alisema, "ni gari au ni pikipiki? Angalia, niambie. Ni nini kinakuja?"